Nilivyojifunza kuzalisha mama akiwa amepiga magoti

Kwa miaka tisa leba nilikuwa na sentensi moja: "Mama, panda kitandani, lala chali, shika miguu." Niliitamka kama kondakta anavyotaja vituo. Chuoni tulifundishwa kwa kiuno cha plastiki kilichofungwa mezani, kimelala chali, na mikono yangu ikajua njia hiyo moja tu.

Aliyenivuruga ni mama wa uzao wa nne. Alifika usiku wa masika, umeme umekatika, njia imeshafunguka sentimita nane. Nikamwonyesha kitanda. Akakitazama, akanitazama mimi, kisha akapiga magoti sakafuni na kukumbatia ukingo wa kitanda. "Nesi, hapa hapa." Nikambembeleza. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijivunii. Wapi! Mara naona kichwa, mimi nimechuchumaa nyuma yake, mama mkwe wake amenishikia tochi.

Hapo ndipo nilipogundua sijui kazi. Mama akilala chali, mtoto kwa kawaida hutoka uso ukielekea godoro. Unalinda msamba, unashusha kichwa taratibu, bega la mbele linatoka. Huyu alitoka uso juu, ananikodolea macho. Msamba uliokuwa chini sasa uko juu. Nishushe au nipandishe? Nikaganda, na wakati nimeganda mtoto akatoka mwenyewe, bega hili, bega lile, kiwiliwili, mpaka kwenye khanga. Nilichofanya ni kudaka. Nilipomkagua mama, hakuwa amechanika hata kidogo. Bibi akazima tochi, akasema, "Sisi tulizaa hivi hivi," kama mtu anayezungumzia bei ya nyanya.

Wiki ile nilikwenda kwa mganga mfawidhi kuomba kusoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu. Uko wazi: mama asiye na tatizo ahimizwe kutembea na kukaa wima wakati njia inafunguka, na akifika kusukuma achague mkao anaoutaka, kuchuchumaa na kupiga magoti vikiwemo. Lililoniuma zaidi ni fomu yao ya kufuatilia uchungu iliyotoka mwaka 2020. Ina kisanduku cha mkao, na mama akiwa amelala chali unazungushia duara la tahadhari, lile lile unalozungushia mapigo ya moyo wa mtoto yakienda vibaya. Nikahesabu kichwani ni maduara mangapi niliyostahili kwa miaka tisa, nikaacha.

Sababu zenyewe si za ajabu. Mama akilala chali, mji wa mimba wenye mtoto unakandamiza mishipa mikubwa ya damu iliyo mbele ya uti wa mgongo; mama anaweza kupata kizunguzungu na damu inayomfikia mtoto ikapungua. Pia amekalia kifandugu, mfupa ambao ungepaswa kurudi nyuma kumpisha mtoto. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonyesha kuwa kukaa wima na kutembea hufupisha kipindi cha njia kufunguka kwa kama saa moja na dakika ishirini. Kwenye kusukuma wakiwa wima, wanaoongezewa njia, yaani kukatwa msamba, hupungua.

Nilianza na kile kisichohitaji ujuzi mpya, yaani kutembea. Kinamama walizunguka koridoni, wakiegemea ukuta uchungu unapokuja. Huku kwetu Tanga wengi wamepita unyagoni, kwa hiyo sikuhitaji maelezo marefu. Nilisema tu, "Kata kiuno kama ngomani," wakacheka, wakakata. Kwa kusukuma nilitafuta godoro la zamani, nikatandika mpira na khanga safi, na kiti cha kushikilia. Kuchuchumaa kunapendwa midomoni, ila wengi hawawezi kukaa hivyo muda mrefu bila mtu wa kuwashika kwapani. Magoti ndiyo yaliyofanya kazi.

Mikono yangu niliifundisha nyumbani. Mdoli wa binti yangu ndani ya foronya, foronya juu ya kiti, namtoa uso ukiwa juu, tena na tena, mpaka mume wangu akauliza kama niko salama.

Mapigo ya moyo yalinisumbua mno. Fetoskopu ya kuwekea sikio haikubali kirahisi mama akiwa amepiga magoti. Nilimwomba aegemee nyuma kidogo uchungu unapoachia, maana anaposukuma lazima nisikilize kila baada ya dakika tano, hakuna kusamehe. La pili ni damu. Zile tafiti zinasema pia kwamba wanaojifungua wima huenda wakapoteza damu zaidi ya mililita 500 kwa wingi kuliko wanaolala, na kwenye khanga sakafuni damu inajificha. Nilishadanganyika mara moja, nikaja kushtuka mama anatokwa jasho la baridi. Tulimuwahi. Tangu hapo mtoto akishatoka tu namgeuza mama, anaegemea nusu kulala, mtoto kifuani, sindano ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka nyingi, yuniti 10 pajani, na beseni chini ili nione ninachokipima. Na mwenye kifafa cha mimba, au anayetokwa damu kabla ya kujifungua, simpeleki kwenye godoro. Huyo ni wa kitandani na dripu.

Sista mmoja mkubwa kazini alinitania, "Umerudi kwa wakunga wa jadi?" Nikamjibu kwamba hata ile mbinu ya kumgeuza mama mikono na magoti mabega ya mtoto yanapokwama, mkunga Mmarekani Ina May Gaskin aliipeleka Marekani mwaka 1976 baada ya kuipata kwa wanawake wa Amerika ya Kati, na chimbuko lake ni wakunga wa vijijini Guatemala. Akasema sawa, lakini magoti yake yana miaka 56. Hoja hiyo sikuweza kuipinga, hata yangu yanalia.

Kosa lililofuata ni langu peke yangu. Nililipenda sana lile godoro, nikaanza kumwambia kila anayeingia, "Mama, shuka, piga magoti." Binti mmoja wa uzao wa kwanza, aliyekuwa na uchungu tangu jana yake, alipiga magoti kwa utii, akainuka, akapiga tena. Mwishowe akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, nimechoka. Nataka kulala." Nikatulia. Nikamuuliza angependa alale vipi. Akapanda kitandani, akalala ubavu wa kushoto, mguu wa juu nikaushika mimi, mgongo akausugua dada yake. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri mtoto akalia.