Siku ya kliniki ya spirulina

Saa 11:40 alfajiri. Simu inaita kabla sijavaa viatu. "Nesi, na chai ya rangi bila sukari je?" Hapana mama, maji matupu mpaka tukutoe damu. Leo ni zamu ya washiriki wa utafiti wetu wa kapsuli za spirulina kwa wenye kisukari aina ya 2, na wote wanatakiwa kuja na njaa.

Saa 1:15 asubuhi. Benchi limejaa, na mwenye njaa hana utani. Naanza na wazee. Chupa ya kifuniko cha kijivu ni ya sukari ya leo. Ya zambarau ni ya HbA1c, wenyewe wanaiita "kipimo cha miezi 3", kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120 na hubeba habari za sukari ya muda wote huo. Wapo wanaoacha wali siku mbili kabla ya kliniki. Ya kijivu itawasifia, ya zambarau itawasema.

Saa 3:00. Wameshakunywa chai na mihogo ya kuchemsha, metfomini, dawa yao ya kisukari, imemezwa, sasa tunahesabu kapsuli zilizobaki. Spirulina ni ule mwani wanaokula heroe wa Ziwa Natron, ukikaushwa na kusagwa. Nusu ya washiriki wanameza huo, nusu plasibo, yaani kapsuli za kufanana tu zisizo na spirulina, na mimi sijui nani anameza nini. Daktari naye hajui.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mimi yangu nimeipasua. Kijani! Basi nimepata yenyewe."

Namwachia hilo. Unga wa plasibo nao umetiwa rangi, na chupa zote zinanuka vilevile, kama ufukwe maji yakikupwa. Naandika tu kwenye fomu: mshiriki amefungua kapsuli. Anaendelea: sukari yake ilikuwa 11, sasa 8, si dawa hiyo? Huenda. Lakini tangu ajiunge ameacha soda, anakwenda msikitini kwa miguu, na kuna nesi anayemuuliza kila mara amekula nini. Hayo yanaweza kushusha sukari hata ya anayemeza plasibo, ndiyo maana kundi lile lipo. Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyefurahi.

Saa 5:30. Mama mmoja, kidole kinasoma 17.4. Ameacha metfomini, jirani kamwambia cha asilia hakichanganywi na cha kiwandani. Daktari anaitwa, mkojo unapimwa ketoni (zikiwepo nyingi ni dalili ya hatari), hazipo, anarudishwa kwenye metfomini yake. Fomu ya ridhaa inasema kapsuli ni nyongeza tu, na tuliisoma naye mstari kwa mstari. Eti cha asilia hakidhuru! Mwani usiokuzwa vizuri unaweza kuingiliwa na jamii nyingine zenye mikrosistini, sumu inayoharibu ini, ndiyo maana unga wetu hupimwa kabla haujafika kwa mtu.

Saa 8 mchana. Kompyuta, takwimu, wali uliopoa.

Saa 10:20 jioni. Muuza virutubisho anapiga. Anataka kuandika "inatibu kisukari" kwenye makopo yake, na ushahidi anao: utafiti wa India wa 2001, gramu 2 kwa siku kwa miezi 2, sukari ikashuka. Kweli upo, namwambia, lakini watu walikuwa 25 tu.

"Na majibu yenu lini?"

Akishamaliza mshiriki wa mwisho, orodha ya nani alimeza nini ikafunguliwa. Hapo ndipo na mimi nitajua.

"Sasa dada, lebo si zimeshachapishwa?"