Wasia wa Msafiri

Assalaam alaykum ndugu zangu katika imani.

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, baadhi ya watu wa mji uleule uliopanga kumuua walikuwa wamemwekesha mali zao. Hakuondoka nazo, wala hakusema uadui wao umewaondolea haki. Alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma mpaka kila mwenye amana aipate.

Hilo hunijia kila ninapowaona wafanyabiashara wetu wakipanda boti pale Kibirizi, Kigoma, kwenda Kalemie au Bujumbura na mizigo ambayo nusu yake ni ya watu.

Tukisikia wasia, wengi tunafikiria nyumba na viwanja, na asiye na kiwanja huona hayamhusu. Lakini katika Suratun Nisaa, aya ya 11, mafungu ya warithi yametajwa kuwa ni baada ya wasia na deni. Mafungu hayo Mwenyezi Mungu ameshayapanga. Wewe umeachiwa theluthi tu, nayo si kwa mrithi. Deni lako, usipoliandika, nani atalijua? Mama wa Ujiji aliyekukopesha magunia mawili ya dagaa kwa neno la mdomo atamdai nani? Mjane wako atasema, "Marehemu hakuniambia," naye atakuwa mkweli. Haki ya yule mama itabaki shingoni mwako.

Basi chukua karatasi, uandike: "Nadaiwa na fulani laki tatu, za dagaa. Namdai fulani nusu ya bei ya injini ya boti. Pesa zilizo kwenye laini yangu ya pili ni za kikundi." Hilo la mwisho nalisisitiza sana. Mtunza hazina akifa njiani, warithi huiona ile pesa wakadhani ni ya baba yao, na kikundi kizima kinaingia kwenye ugomvi na wafiwa. Karatasi ya mauziano ya kiwanja iwekwe hapohapo.

Mashahidi nao wasikosekane. Suratul Maida, aya ya 106, inataka wawili waadilifu, na imemtaja msafiri waziwazi. Wasiwe wale wanaonufaika na wasia huo. Anayetaka kuuhifadhi serikalini, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanatunza wosia.

Kisha mwambie mkeo ilipo karatasi. Wapo wanaume wanaoona huko ni kujichuria. Abdullah bin Umar alimsikia Mtume akisema haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Tangu hapo, anasema, haukupita usiku ila wasia wake alikuwa nao. Akaishi mpaka akapita miaka 80.

Mnaosafiri wiki hii, tuonane msikitini baada ya Isha. Njooni na karatasi zenu, mashahidi watakuwepo.