Glavu zimeloa tena

Jamani mvua ya Manchester leo sio ya mchezo. Nimetoka shifti ya usiku na pikipiki, baridi inauma, nafika home vidole havina hata nguvu ya kufungua zipu.

Na glavu zenyewe nilizipaka nta mishono yote, juu maji yanateleza kabisa. Sasa yamepita wapi?

Mkono wa koti! Yanachuruzika mdogo mdogo mpaka ndani ya glavu, halafu ukivua na mkono umelowa ile bitana inachomoka yote na vidole vyake, kuirudisha sasa, utalia.

Kwenye hita siziweki ng'o, ngozi inakakamaa. Nimezijaza magazeti.

Nyie mnaoendesha huku baridini, glavu mnaingiza ndani ya mkono wa koti au mnavalia juu?