Mbegu ya Bibi

"Mbegu yako imeniua, Bibi."

Nilisema maneno hayo mwezi wa tatu mwaka 2013, jembe likiwa bado begani, mbele ya mama na majirani wawili waliokuwa wakichambua mlenda kivulini. Hakuna aliyenijibu. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa tembe, ungo wa choroko mapajani. Alinitazama, kisha akarudisha macho kwenye ungo, akaendelea kutoa mawe. Nilidhani hakusikia. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nataka ada ya chuo cha uuguzi, na eka moja ya karanga kwenye kichanga cha upande wa Mlali, wilayani Kongwa, ndiyo ilikuwa tegemeo langu lote. Asubuhi hiyo nililikuta shamba limebadilika rangi. Si lote. Mabaka mabaka, kama mtu amepita akimwaga uji wa uwele hapa na pale. Ndani ya kila baka mimea ilikuwa imedumaa na kujikunja, majani madogo kama kucha za mtoto, ya njano yenye mishipa ya kijani, matawi yamebanana hadi kila mche umekaa kama ufagio mkuukuu. Niling'oa mmoja. Chini hakukuwa na karanga hata moja. Niling'oa wa pili, wa tano, wa kumi. Mizizi tu na mchanga.

Mbegu nilipewa na Bibi. Miguu ilikuwa imeanza kumkataa na mwaka huo hakulima, kwa hiyo alikifungua kibuyu chake kikubwa, kile alichokuwa akikiziba kwa kinyesi cha ng'ombe wadudu wasiingie, akanigawia fungu kubwa. Fungu jingine akampa shangazi anayekaa ng'ambo ya korongo. Kilo mbili hivi akazirudisha ndani kuwa akiba. Karanga zenyewe zilikuwa ndogo, nyekundu, punje mbili kila ganda. Mama yake ndiye aliyemfungia kwenye kitenge siku anaolewa. Bibi alizionea fahari kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matingatinga, wakafyeka vichaka ili walime karanga za kutosha kukamua mafuta ya nchi yao, na mwaka 1951 wakaondoka, ardhi imewakaukia ngumu kama sakafu na mvua imewatupa. Yeye alikuwa mtoto wakati huo, aliyaona matingatinga kwa macho yake. "Wao wameondoka," alikuwa akisema huku akizichagua punje moja moja, "hizi zipo."

Alfajiri ya kesho yake niliamshwa na harufu ya karanga zinazokaangwa.

Nilimkuta jikoni amekaa mbele ya mafiga, kigae juu ya moto, anageuza polepole kwa mwiko. Kibuyu kilikuwa pembeni yake, kitupu, mdomo wazi. Nikamwuliza, Bibi, hizo si za mbegu?

"Mbegu iliyotukanwa haipandwi, mjukuu wangu. Njoo ule."

Nilikula. Zilikuwa tamu, za moto, ngozi nyekundu zinabaki kwenye vidole. Katika yote yaliyotokea mwaka ule hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba niliketi naye nikala na nikaona utamu.

Wiki moja baadaye bwana shamba wa kata alikuja na pikipiki, nyuma amempakia dada mmoja mtafiti wa magonjwa ya mimea ambaye alikuwa anapita vijijini kukusanya majani ya karanga. Mama alikuwa amemwambia habari za shamba langu. Walifika saa nne hivi, jua limeshakuwa kali. Yule dada aliweka begi chini, akapiga magoti kwenye baka la kwanza, akainamisha kichwa mpaka ushungi wake ukagusa udongo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaninyooshea kioo kidogo cha kukuzia.

"Sogea, mdogo wangu. Tazama hapa chini ya kitumba."

Sijawahi kusahau nilichokiona. Kwa macho matupu pale palikuwa na masizi tu. Kwenye kioo masizi yalikuwa na miguu. Vidukari, wale tunaowaita pia wadudu mafuta, wamejipanga kwenye shina changa kama ndama kwenye hori. Wakubwa weusi wanang'aa kama mbegu za mchicha, watoto wao wana rangi ya majivu, na kila mmoja amezamisha mdomo wake ulio kama sindano. Sisimizi walikuwa wanapita katikati yao wakilamba utamu wanaoutoa. Wawili watatu walikuwa na mabawa.

"Hao wenye mabawa ndio waliokuletea," alisema. "Wamekuja na upepo, wamekuja na virusi."

Nilirudi nyuma. Kwetu wakati ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu, na lilitajwa kwa sauti ya chini misibani. Nikamwuliza kama mimea nayo inapata virusi. Akacheka kidogo, bila dharau, akaniambia kila chenye uhai kina virusi vyake: ng'ombe ana vyake, mbu ana vyake, mihogo ina vyake, hata bakteria, ambao wenyewe hawaonekani kwa macho, wana virusi vinavyowavamia na kuwapasua. Virusi vya karanga havimdhuru mtu. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yetu mikono kiunoni, alishusha pumzi niliyoisikia.

Halafu akaanza kueleza ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo nilipokaa chini kabisa, kwenye mchanga wa moto. Alisema ugonjwa ule si wa kirusi kimoja. Ni ushirika wa watatu. Wa kwanza ni kirusi chenye koti, yaani ganda la protini linalokihifadhi kikiwa ndani ya kidukari. Hicho peke yake kikiingia kwenye mche wa karanga, unaweza usione dalili yoyote ya maana. Wa pili ni kirusi kisicho na koti. Kinaweza kuzaliana ndani ya mmea, lakini hakiwezi kusafiri, kwa hiyo huazima koti la mwenzake. Wa tatu hata kirusi hawamhesabu. Ni uzi mfupi wa chembe za urithi, herufi zipatazo 900 tu, wataalamu wanauita satelaiti, na hauwezi kuzaliana bila yule wa pili. Lakini hiyo njano niliyoiona, huo udumavu, ile mizizi isiyo na karanga, vyote vinaletwa na huo uzi mfupi. Na wa pili hawezi kuvaa koti la wa kwanza kama huo uzi haupo. Akikosekana mmoja kati ya watatu, ugonjwa hauendelei kutoka shamba hadi shamba.

"Wakati mwingine," alisema, "kidukari hudonoa kidogo tu akaondoka, akaacha wawili bila yule mwenye koti. Mche huo utaumwa kama hii yako. Lakini safari imeishia hapo, hauwezi kumwambukiza jirani yake."

Nimeyarudia maelezo hayo mara nyingi tangu siku ile, kwa wakulima, kwa wanafunzi, na kila nikifika kwenye lile koti la kuazima huwa naona watu wanasogea mbele kwenye viti vyao.

Bwana shamba aliuliza kuhusu dawa. Hakuna dawa ya kuuponya mche uliokwishaumwa, akajibu. Ndipo nikasema lile lililokuwa kooni, kwamba basi tatizo ni mbegu, mbegu niliyopewa ilikuwa na ugonjwa tangu mwanzo.

"Hapana. Huu haupiti kwenye mbegu."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akanitazama usoni, nadhani aliona kitu. Hauingii kwenye punje. Hata ukichukua punje kutoka kwenye mche mgonjwa, kama utaipata, itakayoota itaota nzima. Vidukari tu ndio njia.

Kisha akaanza kuniuliza yeye. Ulipanda lini? Katikati ya mwezi wa kwanza, nikasema, maana Desemba yote tulikuwa kwenye mtama, karanga huwa tunazimalizia. Mbegu kiasi gani? Hapo nilisita. Mbegu ilikuwa ya kutosha nusu eka, nami nikaitawanya kwenye eka nzima ili nipate gunia nyingi. Aliangalia mistari yangu, mche hapa, mche hatua moja mbele, na udongo mwekundu mtupu katikati. Hakunilaumu. Alisema kidukari anayeruka huona kijani kikiwa kimetengwa na udongo mtupu, na hapo ndipo anapotua. Shamba lililofunga majani halimvutii vile. Na mche mchanga ndio unaoumia zaidi. Mimi nilikuwa nimepanda kwa kuchelewa, vidukari wameshakuwa wengi, na nimewatandikia mahali pa kutua.

Mama ndiye aliyekumbuka shamba la shangazi.

Tulivuka korongo kwa miguu, sote wanne. Shangazi alipanda na mvua za kwanza za Desemba, na kwa kuwa shamba lake ni dogo alibananisha. Tulilikuta limefunga, kijani kimoja, huwezi kuona udongo. Yule dada alizunguka lote, akakuta miche michache ya njano pembezoni, basi. Mbegu ni ile ile. Kibuyu ni kile kile. Hatua mia tatu kutoka nyumbani, na mimi sikuwa nimevuka kwenda kutazama kabla ya kufungua mdomo.

Alichukua majani kutoka mashamba yote mawili, akayabana ndani ya karatasi, akaandika namba. Wakati wa kurudi alinionyesha maotea ya karanga za mwaka uliopita pale maji ya bomba la kijiji yanapotuama, yamechipua yenyewe na yamejaa vidukari, akayang'oa kwa mikono yake mpaka la mwisho.

Jioni ile niliwaita wale majirani wawili. Bibi nilimvunjia heshima mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo ilinipasa kumsafisha. Nilipiga magoti mbele ya kigoda chake nikaeleza yote: vidukari, wale watatu, koti la kuazima, na kwamba mbegu yake haikuwa na kosa lolote. Nilieleza vibaya, nilikuwa nalia. Nilimwambia pia alichonisimulia yule dada, kwamba mwaka 1975 ugonjwa huu uliangamiza karanga katika hekta kama 700,000 kule Nijeria, na kwamba uliandikwa kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini kwetu, mwaka 1907, wakati wa Wajerumani, kabla hata mama yake hajapewa mbegu na mtu yeyote. Nilitaka ajue kwamba ni kitu kikubwa, kwamba si yeye.

Bibi alinyamaza. Kisha akauliza, "Hivyo vidukari vina macho?"

Nikasema vinayo, vinaona kijani juu ya udongo mtupu.

"Mama yangu alikuwa anapanda kisigino kwa kidole," alisema, akaunyoosha mguu wake wenye maumivu na kuuweka mwingine mbele yake, kisigino kimegusa kidole. "Nilidhani unajua."

Akaniwekea mkono kichwani. Kuhusu zile alizokaanga hakusema neno, wala siku ile wala baadaye.

Sikuvuna kitu cha kupeleka sokoni. Uuguzi sikwenda, miaka miwili baadaye nilipata nafasi ya kusomea kilimo, na leo ni mimi ninayepiga magoti kwenye mashamba ya watu na kioo mkononi. Karanga ilitoka Amerika Kusini, lakini huu ugonjwa ni wa Afrika peke yake. Maana yake virusi hivi vilikuwepo hapa kabla ya karanga, ndani ya mmea fulani wa porini, vikahamia kwa mgeni alipofika. Mmea huo watafiti wanautafuta hadi leo. Mwaka 2018 nilisoma kwamba wataalamu wametumia mashine inayoenea kiganjani kusoma chembe za urithi za virusi vya mihogo huko huko shambani, Afrika Mashariki, majibu yakapatikana upesi. Nilimwaza yule dada na karatasi zake zenye namba. Ninatamani mashine hiyo ije hapa Kongwa, ipitishwe kwenye kila gugu la kando ya korongo letu.

Desemba ya mwaka ule shangazi alitupatia vibaba sita. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na asubuhi kaka yangu alimkalisha Bibi kwenye kerea ya baiskeli, akamsukuma taratibu mpaka shambani, tukamtandikia kanga chini ya mbuyu. Mtama ulisubiri. Nilikuwa nimefunga kamba kwa vipimo nilivyoachiwa, sentimita 50 kati ya mstari na mstari, 10 kati ya shimo na shimo. Nilichimba, nikatia punje, nikafukia, nikachimba tena.

"Sogeza," akasema Bibi kutoka kivulini.

Nilitazama kamba. Shimo lilikuwa mahali pake. Nikalifukia, nikachimba jingine karibu zaidi.

"Sogeza tena, mama."

Nikasogeza.