Farley Hill: Jumba la Sukari Lililobaki Kuta

Basi la kutoka Bridgetown liliniacha kando ya barabara, nikapanda kwa miguu kupita kwenye kivuli cha miti ya mahogani. Farley Hill iko katika parokia ya St. Peter, kaskazini mwa Barbados, kisiwa cha Karibi, na upepo wa huko haukatiki. Jumba lenyewe, lililojengwa enzi za mashamba ya miwa, halina paa. Zimebaki kuta ndefu na madirisha matupu, na mimea imejiotea kwenye nyufa.

Nilisogea nikaugusa ukuta. Matumbawe! Mawe ya jamii ile ile tuliyoizoea sisi watu wa pwani, yaliyojenga Gedi na Kilwa. Jiwe moja lilikuwa bado na mistari myembamba ya tumbawe, kama lilivyokua chini ya bahari. Nilisimama hapo kwa muda, kidole kwenye mistari ile, nikimfikiria aliyelichonga.

Ujenzi ulianza 1818. Miaka miwili kabla yake, Pasaka ya 1816, watumwa wa kisiwa hiki waliasi wakiongozwa na Bussa, mashamba ya miwa yakachomwa, mamia ya watu wakauawa. Na bado jumba likapandishwa.

Habari inayotajwa zaidi hapa ni ya wakubwa: mwanamfalme Alfred wa Uingereza alifika 1861, moto uliteketeza jumba 1965, na mwaka uliofuata Malkia Elizabeth akafungua eneo hili kuwa hifadhi ya taifa. Kwangu mimi hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba Uingereza ilipofuta utumwa, ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa fidia wenye watumwa katika makoloni yake. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa 2015. Hiyo ni juzi tu!

Nyuma ya jumba, kilima kinaporomoka kuelekea eneo la kisiwa hiki liitwalo Scotland na bahari ya Atlantiki. Ukivuka maji hayo kwenda mashariki, nchi kavu utakayoikuta ni Afrika.

Jua lilikuwa bado juu, nikaendelea hadi Morgan Lewis, kwenye kinu cha upepo kilichokuwa kikikamua miwa hadi miaka ya 1940. Nilitaka nione na kazi ilikofanyika, maana jumba huonyesha matumizi ya pesa tu.