Nilivyotoka kwenye foleni nikaingia kwenye rejista

Mimi ni nesi katika kituo kimoja cha afya huku Eastlands, Nairobi. Nilipofika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili sikuhangaika kutafuta mada, kwa sababu ilikuwa kabatini: faili za wagonjwa wa presha ambazo wenyewe hawakuonekana tena. Nilitaka kujua kwa nini wanaacha kuja.

Mpango wa kwanza ulikuwa rahisi, na sasa nauona wa kivivu. Ningekaa na hojaji kwenye foleni ya kliniki hadi nifikishe watu 384, ile namba ya kanuni ya Cochran ya kukadiria ukubwa wa sampuli, ambayo kila mwanafunzi anaijua: kiwango cha uhakika asilimia 95, kosa asilimia 5, makadirio asilimia 50. Kamati ya maadili ikapitisha, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kikatoka, nikaenda kupiga chapa.

Majaribio ya hojaji niliyafanya kituo kingine, kwa watu 20. Swali la sita liliuliza: "Je, unakunywa dawa kama ulivyoagizwa?" Wote 20 walijibu ndiyo, hata mzee ambaye mashine ilikuwa imetoka kumsoma 170 juu ya 100, presha ya juu. Nilikuwa nimevaa sare. Nani atakiri mbele ya sare? Nilipokuwa nakusanya karatasi, mama mmoja akaniita pembeni: "Sista, sisi tumekuja. Hao hawaji, utawauliza saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo kwenye matatu, na foleni ya Jogoo Road ilinipa muda wa kutosha kulitafakari. Nilikuwa napanga kuwauliza waliofika kwa nini wengine hawafiki. Vitabu huliita jambo hili upendeleo wa uteuzi. Nilikuwa nimelisoma na kulifanyia mtihani, na bado nililitumbukia.

Basi nikaachana na foleni nikachukua rejista. Ilikuwa na wagonjwa 620 walioandikishwa. Kwa kundi dogo kiasi hicho, 384 hupunguzwa: unagawanya kwa 1 jumlisha 383 juu ya 620, unapata 238. Nikawapa wote namba, kompyuta ikachagua bila kuniuliza nani namjua na nani anaishi karibu. Ilibidi nirudi kwa kamati, maana mpango waliopitisha haukuwa huu tena. Wiki kadhaa zikaenda hivyo.

Kuwapata watu ndiko kulikonipa kazi. Namba za simu wagonjwa walizitoa kwa ajili ya matibabu, na baada ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huwezi kumpa tu msaidizi wako orodha ya wagonjwa. Tulikubaliana kuwa karani wa kliniki ndiye apige kwanza, aombe ruhusa, kisha amkabidhi mtafiti yule aliyekubali. Tena asitaje presha kwa yeyote aliyepokea, kwani simu nyingine ni ya nyumba nzima. Baadhi walitudhania matapeli na kukata. Hao tuliwafuata kupitia wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaojua mlango wa kila mtu. Wengine walikuwa wamerudi ushago, na wachache walikuwa wamefariki. Kwa hao nilikaa kimya kidogo kabla ya kuandika.

Kishawishi kikubwa kilikuwa kumwondoa asiyepatikana na kumweka jirani yake aliye karibu. Nilikataa, ingawa msaidizi mmoja alinuna. Ukifanya hivyo unairudisha foleni kwa mlango wa nyuma. Tulifikia 181 kati ya 238, nami nikaandika hivyo hivyo.

Swali la sita nililiandika upya: "Watu wengi hukosa dawa mara nyingine. Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi hukunywa?" Wasaidizi hawakuvaa sare. Majibu yakaanza kufanana na maisha ya watu.

Lakini kitu ambacho sikukitarajia kilijitokeza tulipofika kama mtu wa arobaini. Dereva mmoja wa bodaboda, ambaye rejista ilisema ametoroka kliniki, alitoa mfukoni karatasi ya vidonge vya amlodipini, dawa ya presha. Ananunua kemisti cha mtaani usiku, akitoka kazini. Kliniki yetu hufunga kabla yeye hajapumzika. Hajaacha dawa hata wiki moja. Rejista yangu ilikuwa inachanganya mambo mawili, kukosa kliniki na kuacha dawa, na mimi nilikuwa nimeyaandika kama kitu kimoja hadi kwenye kichwa cha tasnifu.

Nikaongeza swali moja, "Dawa unapata wapi sasa?", nikairudisha hojaji kwa kamati mara nyingine, halafu nikawapigia upya wale arobaini wa mwanzo. Mmoja wao aliposikia sauti ya karani akacheka: "Nyinyi tena? Mnanitafuta kuliko mwenye nyumba."