Kioo cha Taa ya Baba

Wiki iliyopita nilikuwa nikipita mbele ya duka la mabango pale Oginga Odinga Street, Kisumu, fundi akipinda perspeksi, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, juu ya waya wa moto, na ile harufu ikanisimamisha. Anayeijua anaijua. Ni kali, ina utamu fulani ndani yake, na ikishaingia kooni haitoki upesi. Nimeshinda nayo kichwani siku zote hizi, kwa hiyo leo acha niandike habari ya kioo.

Ilikuwa mwaka 2009, masika yakianza. Baba alikuwa ameshastaafu kazi ya mifugo, lakini watu wa Maseno, Luanda na huko chini Seme hawakuacha kumwita Daktari wala kumpigia simu. Pikipiki ni ile ile Yamaha AG, yenye stendi pande zote mbili ili uiegemeze popote mteremko unapokukuta. Jioni moja tairi la lori lililokuwa likielekea Busia likarusha kokoto, kokoto likapiga taa ya mbele, kioo kikamwagika chote barabarani. Balbu ilipona. Baba pia alipona, na Mama aliposikia alikaa kitako kwanza, ndipo akasema, "Basi, mzee. Sasa utalala nyumbani kama wazee wenzako."

Hakuwa akitania. Mama alikuwa amezichukia zile safari za usiku tangu mimi nikiwa mdogo. Lakini kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyohifadhiwa ina saa zake. Ng'ombe akionekana ana joto asubuhi, yaani yu tayari kupandwa, hupandishwa jioni ile ile. Akionekana jioni, hupandishwa kesho yake asubuhi. Ukichelewa, mbegu imepotea, na mwenye ng'ombe atangoja wiki tatu hivi mpaka joto lirudi, huku akimlisha majani ya nepia mnyama asiye na mimba wala maziwa. Kwa hiyo nusu ya kazi ya Baba iliangukia magharibi, na kurudi kukawa gizani. Hapo sijataja ng'ombe anayekwama kuzaa, ambaye hachagui saa.

Maduka ya spea yalikuwa yamejaa vitu vya pikipiki mpya za kubebea abiria. Cha AG hakikuwepo. Mmoja wa Kisumu alikubali kuagiza kutoka Nairobi, ila si kioo peke yake: taa nzima, na bakuli lake, na pete yake. Baba alisikia bei akashukuru, akatoka.

Vijana wa bodaboda pale stendi walimpa mawazo yao. Wengi wao taa zilishapasuka, wakakata upande wa mtungi wa mafuta ya kupikia au chupa ya soda, wakaubana kwa selotepu. Ukienda mwendo mfupi mjini, inafaa. Lakini plastiki ya chupa ya soda haihitaji hata maji yachemke ndipo ilegee, na balbu ya taa ikiwaka saa nzima ni moto kuliko hivyo. Inajikunja, inagusa balbu, inanuka. Na kuendesha taa ikiwa wazi nako ni hasara: tone moja la mvua likianguka kwenye balbu ya moto, imepasuka, vumbi na unyevu vinakula ule weupe unaong'aa ndani ya bakuli, na ukishuka upande wa ziwa wakati wadudu wa ziwani wameinuka, wanajaa humo ndani na kuungua mpaka mwanga unageuka kahawia.

Mimi nilidhani jambo ni rahisi. Tukate kioo cha dirisha, duara, tukitie. Baba hakunijibu. Aliingia ndani akarudi na kipande cha kile kioo kilichovunjika, alikuwa ameokota vipande vyote na kuvitia kwenye mkebe, pamoja na tochi. Akafunga mlango. Alimulika ukuta kupitia kipande cha kioo cha dirisha kilichokuwa uvunguni: doa la duara, vile vile kama tochi ilivyo. Kisha akaweka kile kipande cha taa mbele ya tochi, mistari yake ikiwa imesimama wima, na doa likafunguka kulia na kushoto, likawa ukanda mpana uliofika mpaka kwenye kalenda.

"Umeona hiyo mistari? Kila mmoja ni lenzi," akasema. "Bakuli linautupa mwanga mbele, umenyooka. Mistari ndiyo inaugawa kando." Akazima tochi. "Mimi sihitaji kuona mbali, mwanangu. Nahitaji kuona kando."

Sentensi hiyo nimeishi nayo. Wanaoendesha barabara zetu za murram usiku wataielewa. Sisi tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko kuliko mtaro. Kushoto ndiko kuna ng'ombe aliyefungwa kamba majanini, mama anayetoka sokoni bila tochi, watoto wa shule, mlevi aliyelala. Mwanga wa kwenda moja kwa moja unakuonyesha mti ulio mbali sana, na unamficha mtu aliye karibu na goti lako.

Perspeksi tuliipata Kisumu kwa fundi wa mabango, kipande kilichobaki baada ya kukata herufi, unene wa milimita tatu. Fundi alipojua ni ya nini, akamwambia Baba mambo matatu kwa haraka huku akiendelea na kazi yake: ukiipasha kupita kiasi inatoa mapovu ndani na hayaondoki, ukiipoza kwa haraka itakuja kupasuka yenyewe siku moja bila kuguswa, na usije ukaifuta kwa petroli maisha yako yote, maana itaota nyufa nyembamba kama nywele. Sabuni na maji, basi. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ni lazima iwe na kitumbo cha kwenda nje. Ikikaa bapa, balbu itakuwa karibu mno nayo, na perspeksi huanza kulainika kwenye joto la kama nyuzi 100.

Wazo la kuichapa mistari perspeksi kwa spoku za baiskeli lilikuwa la Baba. Alikwenda kwa yule mzee anayetengeneza baiskeli karibu na soko, akarudi na fungu la spoku kuukuu. Tulichukua kifuniko cha sufuria chenye mgongo, tukazipanga juu yake moja kando ya nyingine, tukazikunja kwa mkono zifuate ule mgongo, tukazifunga kwa waya mwembamba pembeni. Katikati Baba aliacha nafasi ya vidole viwili bila spoku. Mwanga kidogo utakaopita hapo, alisema, uende mbele unakotaka. Uliobaki ufanye kazi ya kando.

Ikabaki kuipasha moto, na hapo ndipo tulipohitaji sufuria ya Mama.

Mama alioka keki za harusi na za ubatizo kwa jiko la makaa: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Hakuna oveni iliyomshinda kwa sufuria ile. Baba hakumwomba. Aliichukua tu, akaiweka jikoni, akawasha makaa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mrenda, na tangu tuingie hakuwa amesema neno. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

Tuliliweka lile duara la perspeksi juu ya kipande cha bati, bati juu ya mchanga, tukafunika. Baba akafunua, akaligusa kwa kijiti. Gumu. Akafunika. Baada ya muda mfupi akafunua tena.

"Ukifunua funua hivyo moto wote unatoka," Mama akasema, bila kuinua macho.

Baba akafunika. Akangoja. Mkono wake ukaenda tena kwenye kifuniko.

Mama akaweka mrenda chini. Akainuka, akanawa, akafuta mikono kwenye leso. Alitusogeza wote wawili kwa kiwiko. Akatoa makaa mawili chini ya sufuria akayaweka juu ya kifuniko, kisha akachota unga wa ngano kwa ncha za vidole, akaunyunyiza juu ya bati, pembeni mwa perspeksi. Akafunika. Akasimama hapo hapo, mikono kiunoni, uso umeelekea jikoni, na mimi namwona kwa upande: ule mstari wa moshi kwenye shavu, midomo imebanwa. Harufu ilikuwa imeanza kutoka, ile ile ya Oginga Odinga Street. Baba alikuwa amevaa glavu zake za ngozi, zile alizoshikia mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu, glavu zilizotengenezwa kwa ajili ya baridi isiyosemeka, na sasa zinangoja moto.

Mama akainua kifuniko upande mmoja tu. Hakuitazama perspeksi. Alitazama unga. Nami nikachungulia: ulikuwa mweupe, ila kingo zake zilikuwa zimeanza kuiva.

"Bado."

Tukangoja. Hakuna aliyezungumza. Nilijua, na naamini Baba alijua, kwamba Mama akichelewa kidogo tu, akisema "bado" mara moja zaidi ya inavyotakiwa, kile kipande kingejaa mapovu na jambo lingeishia hapo. Fedha za kingine hazikuwepo mwezi ule. Ni yeye peke yake katika chumba kile aliyejua kusoma ule moto.

Akainua tena.

"Sasa," akasema.

Baba aliinyakua. Ilikuwa imelegea kabisa, imening'inia kwenye vidole vyake, haina tena habari ya kuwa kioo. Akailaza juu ya spoku, mimi nikaifunika kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa. "Usisukume. Laza mkono tu," Mama akasema. Upande wa kushoto ukawa unajiinua, na mikono yetu ilikuwa imejaa. Mama akajizungushia leso kwenye kiganja, akaubana upande ule yeye mwenyewe, akaushikilia. Tulisimama hivyo watu watatu tumeinamia kifuniko kimoja cha sufuria, mpaka tukahisi chini ya kitambaa kitu kimekuwa kigumu. Kisha tukaifunika blanketi ipoe polepole usiku kucha, na Mama akarudi kwenye mrenda wake.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Tulikata kingo kwa msumeno wa chuma, tukasugua kwa msasa, tukazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, tukaibana na pete na kuziba kwa silikoni ya madirisha. Spoku moja ilikuwa imeteleza, kwa hiyo mstari mmoja ulikwenda upande. Usiku tulimulika ukuta wa jikoni kwa mbali. Mwanga ulifunguka. Haukuwa mzuri kama wa kioo cha kiwandani, ulikuwa na michirizi, lakini ulifika kwenye ua wa michongoma upande huu na kwenye zizi upande ule. Baba alizunguka mara kadhaa kati ya pikipiki na ukuta, akicheka peke yake. Simu ya kwanza ya usiku ilikuja kabla ya wiki kwisha, mtamba aliyekuwa amekwama kuzaa, na akaenda.

Akaendelea kwenda kwa miaka. Ndama waliozaliwa chini ya ule mwanga siwezi kuwahesabu, na baadhi yao wamesomesha watoto. Mwaka 2011 aliteleza kwenye matope akitoka Kombewa saa tano usiku, akavunjika mfupa wa bega. Taa ilikuwa ikiwaka na aliyaona matope. Matope ni matope. Lakini Mama alipokuwa ameketi kando ya kitanda hospitalini nilishindwa kumtazama usoni. Kama kile kioo kingebaki kwenye mkebe, Baba angekuwa nyumbani usiku ule. Na kuna familia, nazijua kwa majina, ambazo zingekuwa zimepoteza ng'ombe wao wa pekee. Nimejaribu kuyaweka hayo mawili kwenye mizani na sijui kuyapima. Sidhani yanapimika.

Baadaye nyonga zilimkataza, na pikipiki ikachukuliwa na kijana wa mifugo wa Luanda, na kioo chetu juu yake.

Kinachonisumbua mimi si bega. Ni lile neno moja la Mama. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza, na kunyamaza tu kungetosha. Krismasi iliyopita, Baba akiwa amelala, nilimwuliza wazi kwa nini alisema.

"Plastiki ingeungulia kwenye sufuria yangu," akasema.

Nikamwambia Mama, hilo si jibu. Akanitazama kidogo, akasema sufuria yenyewe ilikufa siku ile ile, keki zote zilizofuata zilinuka taa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumnunulia nyingine. Hilo sikulijua. Jumapili nilikwenda Kibuye nikachagua nzito, yenye kifuniko bapa cha kukaa makaa. Nitaipeleka Maseno mwisho wa mwezi, na nitamwuliza tena.